Majembe Yaliyoonja Udongo

Mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura. Nimezaliwa hapo, nimeolewa hapo, na mpaka nafika miaka arobaini na kitu sikuwahi kushika jembe. Mboga kwangu ilikuwa kitu kinachotoka sokoni kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia ni makosa ya mtu wa mjini, tena mjuaji, na mpaka leo yananiuma.

Marehemu mume wangu, fundi wa magari, aliniachia vitu viwili: sanduku la spana nisizojua matumizi yake, na kiwanja huko Carama, pembeni mwa mji, alichotaka kujenga. Vita vikaingia kabla hajaweka hata tofali moja. Yeye alikufa kitandani kwa maradhi yake, na miaka ile watu walinipa pole huku wakiniona nina bahati. Kiwanja kikabaki na majani. Majirani wakasema, uza. Mimi nikiambiwa fanya hivi, roho yangu inageukia upande wa pili, ndivyo nilivyoumbwa. Sikuuza.

Msichana alikuja mlangoni kwangu asubuhi moja kuomba kazi ya kufua. Miaka kumi na saba, kumi na nane, hata yeye hakuwa na uhakika. Alikuwa mtu wa milimani. Wazazi wake waliuawa, nyumba ikachomwa, akashuka mjini na wakimbizi wengine. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kuosha glasi katika kabare moja, yaani kilabu cha pombe, huko Kajaga, ufukweni mwa ziwa. Baada ya muda mwenye kabare akaanza kuwagawia wateja wake wasichana kama alivyowagawia viti. Akakimbia bila viatu. Haya hakunieleza siku ile. Nilimtoa neno moja moja, wiki nzima, huku tunakamua mashuka ya watu niliyokuwa nafua kwa malipo.

Siku moja nikamwuliza, "We unataka nini hasa? Nikutafutie mume?"

"Apana, mama. Mi nataka chumba. Chumba yenye komeo kwa ndani."

Basi. Hakutaka nguo, hakutaka mume. Komeo la kufunga yeye mwenyewe, akiwa ndani. Mimi nimelala maisha yangu yote nyuma ya milango iliyofungwa na wengine.

Halafu akaniuliza, "Mama, una shamba?"

"Nina majani."

Akacheka, ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. "Majani ni shamba, mama. Imelala tu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Watu huniambia kwamba nilimsaidia yeye na wenzake waliokuja baadaye, na ukweli unanifedhehesha kidogo: yeye ndiye aliyenifundisha. Alinionyesha namna ya kushika mpini usije ukanichubua, namna ya kusimamisha matuta, namna ya kuchota maji mferejini kwa kopo lililotobolewa. Mikono yangu ilivimba, nikamtukana yeye na mfereji na marehemu mume wangu. Alikuwa ananiangalia, anasema, "Mama, jembe halitaki hasira, linataka kiuno." Jirani yetu wa bondeni, mwanamke mzee ambaye sote tulimwita mukecuru, alikuwa anakuja kutucheka kila asubuhi, na akimaliza kucheka anatuachia mbegu.

Wakaja wengine wanne. Mmoja alitoka kambini, wawili walikuwa wanalala chini ya meza za soko, wa nne sikumwuliza alikotoka na yeye hakusema. Tukaweka sheria moja tu. Lenga-lenga, yaani mchicha, ni ya wote, tunakula pamoja na inauzwa pamoja. Lakini kila mmoja ana matuta yake, na kinachotoka humo hakuna wa kumwuliza amekipeleka wapi, hata mimi. Msichana wangu alipanda vitunguu. Alikuwa anavipalilia kwa vidole, na kila mtu alijua kwamba vile ndivyo chumba chake.

Yalaiti ningerudishiwa asubuhi moja tu ya siku zile! Kutoka Buyenzi kwa miguu na kanga yangu ya shamba, kupita askari wanaopiga miayo, kufika na kukuta wameshatangulia, udongo umelowa na unanukia. Na yeye, kutoka upande wa pili wa matuta, akiniona tu: "Mama! Mama, njoo uone!" Anataka nione nini? Kitunguu kimetokeza kichwa. Lenga-lenga imeota pale isipopandwa. Upuuzi mtupu. Mimi Mungu hakunijalia mtoto, na neno lile nilikuwa nimeishazoea kusikia wakiitwa wengine. Nilikuwa naenda kuona kila kitunguu.

Sasa, Jumapili. Wale wasichana wote ni Wakristo, na mukecuru pia, kwa hiyo Jumapili nilikuwa peke yangu shambani, na nilipenda iwe hivyo, nijisikie mwenye shamba. Jumapili hiyo nikawaona wanaume watatu wanakuja na makoti. Mmoja kabeba bidoni, dumu la urwarwa, ile pombe ya ndizi. Wa pili, mzee kidogo, kabeba majembe mawili mapya, rangi ya bluu bado inang'aa, yamefungwa pamoja kwa kamba ya mgomba. Wa tatu hakubeba kitu. Alikuwa mnene, ana pete mbili kwenye kidole kidogo, ananukia vizuri.

Kirundi cha sokoni nakijua sana. Kile walichoongea kilikuwa Kirundi cha kuzunguka, kirefu, kitamu. Nilichokamata mimi ni kwamba wamesikia hapa kuna mama mwenye mabinti wachapakazi, wanaomba wawe watu wa nyumba hii, na wameleta cha kufanyia kazi. Miaka ile kila mwenye koti alikuwa anagawa kitu: blanketi, sabuni, unga wa mahindi. Nikajua hawa ni wagawaji wa majembe. Nikasema karibuni sana, mmefanya vizuri.

Waliponisogezea bidoni, nikainua mkono. "Hiyo apana! Sisi Waislamu hatunywi. Kunyweni ninyi wenyewe, hapo kwenye majani ni pazuri."

Wakatazamana, wakatabasamu, wakakaa, wakanywa kwa mirija. Mimi nimesimama kando nimejaa fahari, naona nimeitetea dini yangu. Walipomaliza, yule mnene akaniuliza polepole, kama anayemwuliza mtoto, "Mama, umeyapokea?"

"Kwa mikono miwili!" nikasema. Na kwa kuwa mgeni hatoki kwangu mikono mitupu, nikamfungia kila mmoja fungu la lenga-lenga. Walipotoweka njiani nikakata ile kamba, nikalima na jembe la kwanza mpaka jua likasimama, halafu nikalima na la pili, nijue lipi zuri.

Jumatatu msichana wangu alikuwa wa kwanza kuyaona. Akainama, akapitisha kidole gumba kwenye bapa la jembe, akautazama udongo ulioganda kidoleni.

"Nani ameleta haya, mama?"

Nikahadithia, kwa mbwembwe zote. Makoti, bidoni, nilivyokataa pombe. Nilikuwa nangoja wacheke. Mukecuru, aliyekuwa amesimama na mbegu zake, akaniuliza, "Na pombe wamerudi nayo?"

"Wamekunywa papa hapa."

"We uliwapa kitu?"

"Mboga."

Mukecuru akakaa chini, kwenye tuta, mtu aliyekuwa anatugombeza tukikanyaga tuta. Ndipo akanieleza, polepole, kama vile nimeshuka jana kutoka mwezini. Milimani kwao, mwanaume asiye na ng'ombe analeta majembe kuomba mke. Mama akiyapokea mbele ya mashahidi, pombe ikanywewa kwake, na yeye akawapa cha kurudi nacho, mtoto ametolewa.

"Mi si mama wa mtu!" nikapiga kelele.

"Kila mutu hapa anasikia huyu mutoto anakuita mama," mukecuru akasema.

Msichana alikuwa bado ameinama. Akauliza, "Alikuwa na pete hapa?" Akashika kidole chake kidogo.

"Mbili."

"Ni mwenye kabare," akasema.

Astaghafirullah. Nilimtoa mwanangu kwa mikono yangu miwili, nikampa na mboga juu! Nikalia, nikajipiga paja, nikamlaani yule mtu na koti lake, nikasema nayarudisha leo leo, nitamtupia mlangoni.

"Haya?" mukecuru akasema. "Haya yameonja udongo. Jembe likishalima kwako ni la kwako, ukilirudisha hivi hata mbwa watakucheka. Yanarudi mapya, mawili, na pombe yake. Kama hayajarudi siku ya kuja kumchukua, anamchukua, na hakuna wa kumzuia."

"Basi nanunua mapya. Kosa ni langu."

"Apana." Msichana akasimama. "Mi nitanunua. Yeye amekuja kuniomba mimi. Mi ndiye nitarudisha, na vitunguu yangu."

"Na chumba?"

Akafuta kidole chake kwenye kitenge, akasema, "We unisaidie pombe tu, madamu."

Madamu. Alilisema kwa upole, bila kunitazama vibaya. Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya watu.

Siku ya tatu, yule shahidi mzee akaja na salamu: bwana wake atakuja kumchukua mwanamke wake baada ya Jumapili mbili. Tukatazama vitunguu. Vilitaka mwezi mzima. Ningeweza kwenda sokoni nikamaliza jambo lile kabla ya adhuhuri, nilimwambia hivyo mara ngapi sijui, nikamsihi, nikamkaripia. Alikuwa ananiachia nimalize, kisha anasema, "Apana, madamu," na anaendelea kumwagilia. Juma la kwanza lilipoisha akapita kwenye matuta yake, akayalaza majani ya vitunguu chini kwa mguu, kimoja kimoja, ili kichwa kisidanganyike na majani kikaacha kukomaa. Wasichana wengine wakamfuata nyuma bila kuambiwa. Mimi nilikaa mferejini na kopo langu.

Alhamisi ya juma la pili aling'oa kimoja, akakipima kiganjani, kidogo kama limau, akakirudishia udongo. Ijumaa aliving'oa vyote. Vilikuwa bado vibichi shingoni. Alivipeleka sokoni kichwani, na alirudi na majembe mawili ya bluu, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Hakurudi na kitu kingine.

Jumamosi tukaenda Kajaga, yeye na mimi. Mukecuru alikuwa ametupatia bidoni ya urwarwa, nikauliza, haya, nani ataibeba? Mukecuru akanitazama juu mpaka chini. "Aliyewanywesha," akasema.

Basi mtu wa Buyenzi, mjane wa heshima zake, mtandio kichwani, juu ya mtandio ngata, juu ya ngata bidoni ya pombe. Kizibo chake kilikuwa kimechoka, na kila hatua kilinitemea shingoni. Barabarani kuelekea ziwani mzee mmoja wa msikitini kwetu akanipita na baiskeli, akanitolea salamu kamili, halafu harufu ikamfikia. Nikamjibu salamu yake, ningefanya nini? Kwenye kizuizi askari wakafungua, wakanusa, mmoja akasema, "Hajati, leo ni sikukuu gani?" Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Nilimtazama msichana, nikitumaini na yeye atacheka. Alikuwa anatazama mbele na majembe yake kichwani.

Kabare ilikuwa karibu na pale wavuvi wanapoanika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Yule mnene alikuwa nje na wateja, na alipotuona akadhani tumeharakisha harusi. Akasimama, akafungua mikono. Msichana akapiga goti kama heshima inavyotaka, akaweka majembe chini mbele yake, na sauti yake haikutetemeka.

"Ni yako haya. Hayajalima. Na pombe yako hii."

Mimi nikaitua bidoni. Mwanamume mnene akacheka kidogo, akanigeukia mimi. "Mama, huyu mutoto wako hana adabu."

"Adabu anayo," nikamwambia. "Asiye na akili ni mimi. Ila hayo majembe usiniulize mimi, aliyeyalipia ni huyo hapo."

Akatafuta uso wa kumsaidia. Yule shahidi wake mzee akasogea, akayainua majembe, akapitisha kidole gumba kwenye bapa la kwanza, kisha la pili, akakitazama kidole. "Ni mapya," akasema, na akayaegemeza ukutani kwa bwana wake. Wavuvi waliona, wateja waliona. Tukageuka.

Njiani nilimwomba msamaha. Niliuomba kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa machozi. Akasimama, akanifuta shingo ile pombe na kona ya kitenge chake. "Nimekusamehe, madamu," akasema. Na najua alinisamehe kweli, maana hakuwa mtu wa uongo. Lakini lile neno jingine halikurudi.

Alipanda tena. Msimu uliofuata vitunguu vilikomaa kwa wakati wake, na akapata chumba, nyuma ya nyumba ya watu, bati tatu na dirisha la mbao. Akanichukua nikakione. Akanisimamisha nje, akaingia, akafunga, nikasikia chuma kinaingia kwenye chuma. Halafu kutoka ndani, sauti ya mtoto kabisa: "Umesikia, madamu?" Nilisikia. Nilisimama pale kwenye vumbi naitazama mbao ya mlango.

Hakukaa humo sana. Risasi zikasogea Kinama, zikasogea Carama, mazao yakabaki ardhini na sisi tukakimbia kila mtu na njia yake. Mukecuru hatukumwona tena. Wasichana wawili nilikuja kukutana nao baadaye, wanalima pembeni mwa mji, wana watoto. Yeye alisema anavuka kwenda Kigoma. Nilimsindikiza bandarini, palikuwa na mashua ya mizigo na watu wengi wamekalia magunia. Alikuwa na kifurushi kimoja. Akakifungua anionyeshe: nguo, mbegu za vitunguu kwenye chupa, na lile komeo, amelichomoa na misumari yake. Nikacheka, akacheka. Akanipa mikono miwili. Nilisimama pale nikisubiri neno moja kama mtu anayesubiri chenji yake. "Kwaheri, madamu. Mungu akulinde," akasema, akapanda.

Miaka ikapita. Nilirudi kwenye mashuka yangu. Kila nikisikia mtoto wa jirani anaita mama uani, kichwa changu kiligeuka chenyewe, nikajikemea, we mwanamke, huitwi wewe. Mara nyingine nilikuwa nakwenda bandarini bila sababu, nawauliza wapakuzi kama kuna anayejua mwanamke wa vitunguu kule Kigoma. Walinizoea. Waliniona nimechanganyikiwa kidogo, na labda hawakukosea.

Halafu vita vikawa vinaelekea kuisha, barabara zinafunguka, watu wanahesabiana waliobaki. Mmoja wa wale wapakuzi, mtu mzima, akaja hadi kwangu Buyenzi na mzigo uliofungwa kwa gunia la sukari. Akautua kwenye sementi. Nilijua kwa mlio wake kabla hajafungua.

Majembe mawili, mapya.

"Yametoka Kigoma," akasema. "Kuna mwanamke kule ana shamba la vitunguu. Mwanaume amekwenda kumwomba. Amemjibu, mi nina mama, yuko Bujumbura, peleka kwake kwanza."

Nikashika ukuta. "Sema tena. Amesema nani?"

"Mama. Amesema mama yake."

Safari hii sikupokea kwa mikono miwili. Niliweka mikono yangu nyuma, nikamhoji yule mtu kama hakimu. Huyo mwanaume ni nani? Mvuvi, kafiwa na mke, mtulivu. Ana kabare? Hana. Ana pete? Hana. Na msichana wangu, yeye mwenyewe anamtaka?

Mpakuzi akatabasamu. "Aliniambia utauliza hivyo. Anamtaka, na komeo inabaki yake. Alisema kama mama amekubali, ayalimie."

"Na pombe?"

"Alisema mama hanywi."

Asubuhi nilivaa ile kanga ya shamba, nikaenda Carama. Mfereji ulikuwa umekauka na majani yamenifika kiunoni, matuta huwezi kujua yalikuwa wapi. Nikatafuta mahali pake, pale pa vitunguu, nikakata kamba. Nililima na jembe la kwanza mpaka jua likasimama, halafu nikalima na la pili, naitikia "Abee, mwanangu, nakuja," na upande wa pili hapakuwa na mtu.